Mume Wangu Humpandishia Sauti, Mimi Humfukuzia Wadhamini

"Asiyependa, azime redio."

Hilo ndilo jibu la mtangazaji anayejiita Mzee wa Makavu kwa wanawake wa saluni wanaowataka wenye viwanda waache kudhamini kipindi chake cha asubuhi. Amelisema mara nyingi kiasi kwamba hata watu wenye akili zao wameanza kulirudia. Nimelisikia kwenye foleni ya benki. Nimelisikia kwa daktari wa meno, nikiwa nimeachama na siwezi kujibu, na nadhani daktari alilijua hilo. Sasa kinywa ni changu tena, basi nijibu. Kuzima redio kunakukinga na kelele. Hakukukingi na waliowasha. Msichana ambaye habari zake mtazikuta katika barua hii hakuwa amewasha redio asubuhi ile. Alikuwa kazini, anasuka. Waliomfuata hadi mlangoni ndio waliokuwa wamewasha. Angezima ya nani?

Halafu kuna kilio chake cha pili, kwamba kumkosesha matangazo ni kumziba mdomo. Kilio hicho anakilia kila asubuhi kwenye kipaza sauti, kwa sauti iliyoshiba, watu wote wakisikia, na katikati anapumzika kupisha muziki. Mdomo gani huo uliozibwa? Ana haki ya kusema, sibishi, na siku askari watakapokwenda kumchukua kwa sababu ya maneno yake nitakuwa wa kwanza kupiga kelele. Lakini sijaona palipoandikwa kwamba mwenye kiwanda cha mafuta ya nywele lazima amnunulie muda wa kuyasemea, wala kwamba msusi lazima ayanunue mafuta hayo. Ukitukanwa na muuza duka unahama duka, na hakuna anayesema umemnyima uhuru.

Kwa hiyo nilipoipata barua hii nilifurahi, kisha nikakasirika, kisha nikamkasirikia na aliyeiandika. Someni kwanza. Nimefuta tu yale ambayo yangemwonyesha mtu njia ya kumfikia yule msichana.

*

Dada mshauri, shikamoo, najua wewe mtu akiingia mikononi mwako hatoki mzima lakini sina pengine pa kulipeleka hili, kwani mama yangu mzazi nikimwambia jambo dada zangu wote wanalo kabla sijakata simu, na marafiki zangu wote wamo ndani ya jambo lenyewe, kwa hiyo nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo unigombeze.

Mimi ni msusi, nina saluni yangu ndogo, na mume wangu ni fundi mitambo redioni, ndiye anayekaa nyuma ya kioo akimpandishia Mzee wa Makavu sauti na kuingiza muziki na kupokea simu za wasikilizaji, na kipindi kile hakiendi hewani papo hapo, kinacheleweshwa kidogo, ili mtu akitoa tusi mume wangu abonyeze kitufe likatike kabla halijasikika, na kwa kubonyeza hakuna anayemfikia, amewahi kumkata mpaka mheshimiwa mmoja katikati ya neno, nami nilikuwa najivunia, saluni nzima ilikuwa inanisikia nikisema mnaona muziki ulivyoingia taratibu hapo, huyo ni baba wa watoto wangu.

Sasa asubuhi moja Mzee wa Makavu alikuwa anazungumzia wanawake wanaokimbia ndoa, akapiga simu mwanaume mmoja analia kwamba mkewe kamwacha na sasa anasuka nywele za watu, na Mzee wa Makavu badala ya kumpa pole akamuuliza anasuka wapi, yule akataja, ikawa ni kwangu, na Mzee wa Makavu akarudia jina la mtaa na rangi ya mlango wangu polepole kama mwalimu anayesomea watoto imla, akasema, "Wanaume mnaopita njia hiyo, ingieni mkamkumbushe kwake," akacheka, muziki ukaingia, na huyo mke anayesemwa ni msichana wangu wa kazi, mwenye mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuwa nao, aliyekuja kwangu jino limevunjika, hakusema limevunjikaje na mimi sikuuliza. Mchana wakaja wanaume tusiowajua wakasimama mlangoni wanapiga miluzi, wengine wanacheka tu kama wamekuja kutazama mpira, halafu kesho yake akaja mume mwenyewe, na msichana alipoliona shati la mumewe ndani ya kioo aliweka kitana chini akatokea mlango wa nyuma, mteja akabaki amesukwa upande mmoja, na tangu hapo hajarudi.

Hapo ndipo wasusi wa mtaani kwetu tulipochemka, na aliyetukusanya ni mwenzangu mmoja tunamwita Mama Vibanio kwa sababu anatembea navyo vimebanwa kifuani kama nishani za jenerali, yeye alitaka twende redioni tukafanye fujo, mimi nikasema redioni watatupigia muziki tu, twende kwa wanaomlipia, na mdhamini mkubwa alikuwa kiwanda cha mafuta ya nywele ya chupa ya kijani, wale wanaotugawia wasusi aproni za bure zenye picha ya chupa yao kifuani, hakuna saluni isiyo nazo, basi tukakubaliana kwamba hakuna kununua chupa ya kijani, sote tukahamia chupa ya njano, na zile aproni tuzivae lakini tumezigeuza, ndani nje, mishono juu, na mteja akiuliza mbona umevaa hivyo ndipo umweleze, na dada, waliuliza, kila kichwa kilichoingia kiliuliza, na wakitoka hapo wanakwenda kuwauliza wenye maduka. Akatakiwa mtu wa kupiga simu kiwandani, wakanichagua mimi kwa kuwa nina sauti ya kupokelea wageni, nikapiga pale pale saluni nimeweka taulo mdomoni ili nisijulikane, nikamweleza mkurugenzi kwa heshima zote yaliyompata msichana wetu na kwamba chupa yake itaendelea kutazama matumbo yetu mpaka atoke kwenye kipindi kile, na kweli haikupita muda akatoka, akafuata wa sabuni, akafuata wa maziwa, na sasa kabaki mwenye kiwanda cha magodoro peke yake.

Shida yangu ndiyo inaanzia hapo, kwa sababu juzi mume wangu amerudi kutoka kazini, akala kidogo, akasema meneja amewakusanya na kuwaambia magodoro yakitoka watapunguza watu na wataanzia chumba cha mitambo, maana yake ni yeye, Mzee wa Makavu haguswi kwa sababu ndiye anayeleta wasikilizaji, na kwamba ile simu ya kiwandani kumbe ilirekodiwa, meneja ameipata, akawawekea wote wasikilize, akauliza nani anaitambua sauti hii, wote wakawa kimya. Nikamuuliza na wewe je, akasema, "Mimi nitamjulia wapi, mama wa watu ana mafua." Halafu akaongeza huku anaangalia sahani, "Ila akipiga tena, asisimame karibu na ile mashine ya kukaushia nywele, inavuma." Nikaona ni ufundi wake tu, yeye hata harusini hulalamikia spika, nikashusha pumzi, hajajua.

Na mama mkwe tunaishi naye, redio yake ndogo iko jikoni na Mzee wa Makavu anamjibu kama wamekaa meza moja, humwambia wape, mwanangu, wape hao, na mume wangu siku hizi akirudi humwomba aizime na yeye huizima kwa kununa, sasa Jumamosi namsuka, kichwa chake kiko magotini kwangu, akaanza, "Hao wasusi wanaotaka kummwagisha mwanangu unga, laiti ningempata mmoja nimtie mikono yangu hii," nami nampaka mafuta ya chupa ya njano na kumwambia mama, inamisha shingo.

Mama Vibanio naye hanipi nafasi, wamepanga kwenda kwenye duka la magodoro siku ya watu wengi, kila mmoja ajilaze kwenye godoro la maonyesho kama anayejaribu, na muuzaji akiuliza mmechagua lipi tujibu kwa pamoja tutanunua siku Mzee wa Makavu akitoka, na mimi ndiye nimpigie simu mwenye kiwanda kwanza, na nilipoanza kujiumauma akanitazama juu mpaka chini akasema, "Kwenye mafuta ulimi ulikuwa mrefu, kwenye magodoro umeukunja? Au mnalalia la kwake?" Wote wakacheka, na ni kweli tunalalia la kwake.

Dada, nijitoe nimwokoe mume wangu, au niendelee nimmwagishe unga kwa mkono wangu mwenyewe, nimwambie, au ninyamaze maadamu hajajua, nimekonda mpaka pete inacheza kidoleni. Na yule msichana popote alipo namwombea. Ni mimi, Msusi Roho Juu.

*

Msusi Roho Juu, marahaba. Kaa kitini, inamisha shingo, zamu yako imefika.

Tuanze na taulo. Umeolewa na mtu ambaye mkate wake unatoka masikioni mwake. Waya ukilegea chumba cha pili anasikia. Muziki ukiingia nusu pumzi kabla ya wakati anakosa usingizi. Mtu huyo amekusikia ukiamka, ukigombana na watoto, ukicheka na simu, ukikoroma pia, nakuhakikishia unakoroma. Halafu wewe unaweka kitambaa mdomoni na kuamini kwamba umempotea? Shemeji yangu huyo alikutambua kabla hujamaliza kusema "habari za kazi". Mafua aliyokupa ni ya kukufunikia. Na lile la mashine ya kukaushia nywele, mwenzangu, halikuwa la kiufundi. Redioni, kwenye ile sauti iliyorekodiwa, mashine inasikika ikivuma nyuma yako, na mtu yeyote mwenye mke msusi angeijua. Mumeo alikuwa anakwambia kwa adabu yote kwamba siku ya pili utakamatwa, na kwamba yeye hatakuwa aliyekutaja. Alikuletea onyo hilo mpaka mezani, ukashusha pumzi na kuongeza mboga.

Kwa hiyo swali lako la "nimwambie au ninyamaze" limekufa. Anajua. Meneja aliuliza chumba kizima, kazi ya mumeo ikiwa mezani, na mumeo akanyamaza. Angeweza kuinua kidole, akapata shukrani ya bosi na akalala salama. Wangapi wetu tuna mwenza wa namna hiyo? Mimi niliwahi kuwa na mmoja ambaye angenitaja na namba ya simu akatoa. Mwambie leo. Na uwahi, kwani mafundi mitambo husoma gazeti wakisubiri zamu zao, na akikuta ukurasa huu kabla hajakusikia wewe, hutakuwa na taulo la kutosha kujifichia.

Lakini nisimpake huyo shemeji mafuta kwa mgongo wa chupa. Nina neno naye. Wewe mwenyewe umeandika, tena kwa kujivunia, kwamba kipindi hufika hewani kwa kuchelewa na kitufe kiko chini ya kidole chake. Mheshimiwa akitukana, anakatwa katikati ya neno. Mlevi akipiga simu, anakatwa. Mzee wa Makavu alipoanza kutaja mtaa, akataja na rangi ya mlango, polepole, kama imla, kidole kilikuwa wapi? Hakika kilikuwa pale pale. Kitufe hakibagui, kinakata sauti ya msikilizaji na sauti ya mwenye kipindi. Kilichobagua ni woga. Usije ukaniandikia kwamba alikuwa anatekeleza amri, kwa sababu wewe ulimwona anavyorudi na kumwomba mama yake azime redio. Mtu hachoki na kazi yake kiasi hicho kwa siku moja. Anaisikia ile asubuhi kila siku, na hana wa kumwambia, kwa kuwa mkewe yuko bize kumficha mafua. Muulize mkiwa wawili, bila kumshitaki. Nadhani utakuta mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa.

Sasa nyinyi wasusi. Nawapenda, na nitawaambia ukweli. Mlisusia chupa ya kijani mkahamia ya njano. Nimeitafuta hiyo ya njano dukani, nikavaa miwani, nikaigeuza nyuma. Kiwanda ni kile kile, mama zangu. Mafuta ni yale yale, wamebadilisha kofia. Wiki zote hizo mlikuwa mnamsusia mtu kwa kumnunua kwa mlango wa pili, na nina hakika mkurugenzi alikuwa anawashangaa sana. Watu mnaosoma kichwa cha mteja kwa ncha za vidole, mnajua kama kapaka dawa juzi au mwaka jana, mnashindwa kugeuza chupa?

Ila msikate tamaa, kwa sababu ushindi wenu ulikuwa wa kweli, haukutoka tu pale mlipodhani. Ulitoka kwenye aproni. Kiwanda kilikuwa kimewapa nguo ili miili yenu iwe mabango yake ya bure, nanyi mkaigeuza, na bango likawa swali. Hasara ya chupa mbili tatu mwenye kiwanda huvumilia. Asichovumilia ni kila mwanamke anayekaa kitini kuuliza kwa nini aproni imegeuzwa, na kujibiwa kwa utulivu na mtu aliyeshika kichwa chake. Hiyo ndiyo kazi mnayoiweza. Endeleeni nayo, na mafuta nunueni kwa mwingine kabisa, mkianzia nyuma ya chupa.

Kuhusu magodoro, nimecheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nendeni mkalale. Ila vueni viatu. Na msiende siku ambayo yupo muuzaji wa dukani peke yake, ambaye hakuchagua mdhamini wala mtangazaji na atakayebaki kunyoosha mashuka baada ya makalio yenu. Ulizeni mwenye kiwanda anakuja dukani lini, mkalale siku hiyo. Mama Vibanio, nakutaja kwa sababu najua unasoma: huyo muuzaji akitukanwa hata na mmoja wenu, mtakuwa mmefanya alichofanya Mzee wa Makavu, yaani kumpigia kelele asiye na kipaza sauti. Na mwenzako ukimcheka tena kuhusu godoro lake la nyumbani, nitakuandika ukurasa mzima.

Nije kwenye unga wa mumeo. Unasema utaumwaga kwa mkono wako. Acha kujipa ukubwa. Aliyeropoka ni Mzee wa Makavu. Anayetafuta wa kumfukuza ni meneja. Wameketi wawili, wenye makosa yao wazi mezani, wakakubaliana kwamba atakayeondoka ni fundi. Hiyo ni mbinu ya kale kuliko redio: wanaweka mfanyakazi mbele yao kama mto wa kuzuia kipigo, wakijua mkewe yuko upande wa pili. Ukijitoa kwa ajili hiyo, utakuwa umewafundisha kwamba inafanya kazi, na kesho wataitumia tena kwa mke wa mwingine.

Lakini nanyi mmewarahisishia, kwa sababu mlichodai hakijatosha. Mlimwambia mwenye mafuta atoke. Akatoka na mfuko wake wote, akaiacha redio nzima na njaa, kuanzia msoma habari hadi mfagiaji. Badilisheni dai. Mwambieni mwenye magodoro asitoke redioni, ahame kipindi. Tangazo liende kwenye kipindi cha afya, cha mchana, cha watoto, cha mpira, chochote ambacho hakimwelekezi mtu mlango wa mwanamke aliyejificha. Redio itapata kile kile ilichokuwa inapata, mafundi ni wale wale, mitambo ni ile ile. Atakayekosa ni mdomo mmoja. Na meneja akisema bado lazima apunguze fundi, basi kila mtu atajua kwamba haikuwa njaa, ilikuwa kisasi, na hapo mumeo na wenzake wa mitambo waende kwa meneja pamoja, siku moja, si mmoja mmoja.

Mama mkwe. Usimwogope, na usimdharau. Umeandika kwamba anamjibu Mzee wa Makavu kama wamekaa meza moja, na ukadhani umeandika kichekesho. Nani mwingine anakaa naye meza moja asubuhi? Mumeo yuko nyuma ya kioo, wewe uko saluni, watoto shuleni. Katika nyumba nzima, sauti pekee inayomwamkia ni ya mpuuzi yule. Ukishaongea na mwanawe, mwambie na yeye wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, kabla hajasikia kwa majirani. Mweleze habari za jino lililovunjika. Sijui atajibu nini, lakini wanawake wa umri wake wameona meno mengi kuliko wewe. Atakapokasirika, mwache akasirike. Halafu mchukue siku mojamoja akae saluni, awaamrishe wateja, ana kipaji hicho.

Sasa nimefika nilipokasirika. Rudia barua yako. Mafuta umeyapa nafasi. Aproni, magodoro, mafua, mpaka pete yako inayocheza kidoleni. Yule msichana umempa mstari mmoja mwishoni: popote alipo namwombea. Hujui alipo? Umemtafuta? Vitana vyake na mikasi yake, kazi yake yote, viko bado kwenye droo yako au umempelekea? Mteja wake aliyebaki upande mmoja ulimmalizia wewe, sina shaka. Naye msichana nani alimmalizia? Nyinyi mmeshikilia sana kumwangusha Mzee wa Makavu hata mmesahau mnamwangusha kwa sababu gani. Akiondolewa kesho, mtacheza, mtageuza aproni zikae sawa, na yule mtoto wa watu bado atakuwa kajificha mahali, akisikiliza viatu vya wapita njia. Ushindi huo mimi siutaki.

Fanya hivi. Leo ongea na mumeo. Kesho, kupitia mtu anayemwamini, si kwa simu ya kupita mikononi mwa wengi, mtafute msichana, muulize anataka nini yeye. Usimwamulie. Huenda anataka kurudi kwenye kiti chake, huenda anataka kiti katika saluni ya mbali ambako hakuna aliyesikia rangi ya mlango, na nyinyi wasusi mnajuana kila kona, mnaweza kumpatia. Anachotaka yeye ndicho mwende nacho kwa mwenye magodoro kiwe dai la kwanza. Simu ipige wewe, bila taulo, useme jina lako. Sauti ya kupokelea wageni haina haja ya kufunikwa. Na mumeo, kama ana ujasiri niliomdhania, aandike kwa mkono wake kile alichokisikia asubuhi ile, kwa sababu Mzee wa Makavu ataanza kusema hakusema, na mitambo inakumbuka.

Nimemaliza na wewe, nenda kazini. Niliobaki nao wanasoma kwa kujificha.

Bwana mwenye magodoro, ofisi yako inanunua gazeti hili, katibu muhtasi wako hukukatia ukurasa huu kila wiki, nami nazungumza nawe ana kwa ana. Usisubiri wasusi waje kukulalia dukani. Inua simu leo, mpigie meneja wa redio, mwambie unahamisha tangazo lako kwenye kipindi kingine cha redio hiyo hiyo, na kwamba unafanya hivyo kwa masharti mawili: fundi yeyote asifukuzwe kwa sababu yake, na Mzee wa Makavu aketi kwenye kiti chake, saa yake ile ile ya asubuhi, atamke kwa kinywa chake kwamba alikosea kumtaja yule mwanamke, na kwamba mwanaume yeyote aliyetumwa kumkumbusha kwake abaki kwake mwenyewe. Si kwa tangazo la kusomewa na mwingine, si usiku wa manane. Polepole, kama imla, ili waliokwenda kumpigia miluzi waandike vizuri. Akishasema, utupigie simu, na mimi mwenyewe nitakuja kununua godoro.